Fomu Niliyosaini Bila Kuisoma

Wiki iliyopita nilipata barua pepe niliyoingoja miezi kumi na moja. Makala yangu kuhusu chipu za usimbaji fiche, zile zinazoficha taarifa kwa ufunguo, yaani namba ya siri, imekubaliwa kuchapishwa. Nilikuwa sokoni Mwanga, hapa Kigoma, na mfuko wa samaki, migebuka, mkononi. Nikaisoma mara tatu nimesimama palepale, machozi yakanitoka, mama muuzaji akanipa pole akidhani nimepata msiba.

Siku mbili baadaye kijana wa mwaka wa nne, mwenyeji wa Kasulu, akaniandikia: "Shikamoo dada. Kuna mchoro mzuri nimeuona kwenye kitabu. Nikiuweka kwenye makala yangu na kuandika jina la mwandishi chini yake, inatosha?"

Haitoshi, mdogo wangu. Nilitaka kumjibu hivyo tu, nikashindwa kuishia hapo, kwa sababu swali hilo limenigharimu miaka.

Nimekulia Mwanga enzi ambazo Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli, kabla hatujaunganishwa na gridi ya taifa. Jioni, kila nyumba ikiwasha taa, tulisikia mngurumo unashuka na kuwa mzito, balbu zinafifia, halafu sauti inapanda tena na mwanga unarudi. Baba yangu, fundi magari, alisema: "Gavana hiyo inafanya kazi." Mzigo ukiongezeka mashine inapunguza mwendo, gavana, yaani kifaa kinachosawazisha mwendo wa mashine, inahisi, inafungua mafuta zaidi, umeme unarudi kwenye hezi 50, mizunguko 50 kwa sekunde. Chuoni ndipo nilipojua kwamba James Watt alifunga gavana kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na kwamba James Clerk Maxwell alieleza kwa hesabu mwaka 1868 kwa nini gavana nyingine hutulia na nyingine huyumba bila kukoma. Niliposoma hayo nilisikia jioni za nyumbani masikioni, nikajua nitasomea uhandisi wa mifumo ya udhibiti.

Kwa shahada ya pili nilitengeneza kikaushio cha dagaa. Anayeijua Katonga wakati wa mvua hahitaji kuelezwa sababu. Akina mama wanaanika asubuhi, wingu linashuka kutoka ziwani, na mzigo wa mtaji mzima unaoza kabla ya siku ya pili. Kikaushio changu kilikuwa sanduku la mbao lenye feni, hita, kipimajoto na kidhibiti cha PID. Kidhibiti hicho kinatazama kosa kwa namna tatu: joto limepungukiwa kiasi gani sasa hivi, makosa yaliyopita yamelimbikizana kiasi gani, na kosa linaelekea wapi. Kukipangilia nilifuata kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942: unaongeza nguvu ya kidhibiti mpaka joto lianze kupanda na kushuka kwa mfululizo bila kutulia, unaandika nguvu hiyo na muda wa mzunguko mmoja, kisha unakokotoa vipimo vyako kutoka hapo. Kanuni hiyo ni kali. Joto lilipitiliza, dagaa wakakauka nje wakafunga kama gamba, ndani wabichi. Nilipunguza nguvu kidogokidogo kwa wiki tano. Nilipopata dagaa waliokauka sawasawa, mama mmoja wa Katonga aliwavunja, akawanusa, akasema, "Hawa wanafika Dar." Hakuna alama ya mtihani iliyowahi kunifurahisha kama kauli ile.

Nikaandika makala. Mchoro wa mfumo, ule wenye visanduku na mishale, niliutoa kwenye kitabu nilichokipenda, nikataja chanzo chini kwa heshima zote. Mhariri akauliza, "Barua ya ruhusa iko wapi?" Sikujua kuna kitu kama hicho. Nikamwandikia mchapishaji wa kitabu, akanijibu kwa ada iliyozidi kodi yangu ya chumba ya miezi mitatu. Wakati nikihangaika, toleo nililolenga likapita. Mwaka mzima ukapotea kwa sababu ya visanduku vitano na mishale.

Msimamizi wangu hakuwa amenifundisha hili. Wala yeye hakufundishwa. Tunafundishwa kuogopa wizi wa kitaaluma, yaani kuchukua maneno ya mtu bila kumtaja, na hapo somo linakwisha. Hakimiliki ni jambo lingine. Kutaja chanzo ni adabu ya msomi. Ruhusa inatoka kwa mwenye haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapowekwa kwenye maandishi au mchoro, bila kusajiliwa popote, maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Isichokilinda ni wazo lenyewe. TRIPS, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu haki miliki katika biashara, unasema wazi kwamba mbinu na hesabu hazina mwenye hakimiliki. Kwa hiyo kanuni ya Ziegler na Nichols ni ya kila mtu, mimi na wewe tukiwemo. Mchoro wa mwandishi wa kitabu akiieleza kanuni hiyo ni wa mwandishi, au wa mchapishaji wake. Ningechora mfumo wangu mwenyewe, feni yangu na hita yangu, kwa saa moja tu, nisingehitaji ruhusa ya mtu. Na kuchora upya si kufuatisha mstari kwa mstari. Huko ni kunakili kulekule kwa kalamu nyingine.

Kosa la pili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Makala ilikubaliwa baadaye na jarida jingine. Ikaja fomu ya kurasa mbili, nikaambiwa niirudishe ndani ya saa 48. Niliichapisha steshenari karibu na stesheni ya reli, nikasaini juu ya meza yao, nikaituma. Sikusoma hata aya moja. Nilikuwa na furaha, na niliona aibu kuuliza maswali watu wasije wakabadili mawazo.

Baada ya mwaka nikataka kuigeuza makala ile kuwa kijitabu cha Kiswahili, kurasa kumi na mbili, kwa ajili ya akina mama wa Katonga na Kibirizi. Dagaa wao ndio walioniandikia shahada ile. Ndipo nikaisoma fomu. Nilikuwa nimehamisha haki zote: kunakili, kusambaza, kutafsiri. Kutafsiri! Maneno yangu mwenyewe, kwa lugha ya mama yangu, kwa watu walionipa samaki wao bure. Niliomba ruhusa. Nikangoja miezi minane, nikapata jibu la mistari miwili lenye kunielekeza kwenye ukurasa wa malipo.

Sitawataja. Niliyesaini ni mimi.

Nilichoka na vikaushio kwa muda, nikahamia kwenye chipu. Nyumbani wakiniuliza nasomea nini siku hizi, nawaonyesha mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Zile tarakimu 20 za tokeni zinakubaliwa na mita yako tu, ya jirani inazikataa, kwa sababu ndani ya kila mita kuna ufunguo wa siri. Mwaka 2024 tulipoambiwa tuingize tokeni za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, mita zilikuwa zinabadilishiwa ufunguo huo, maana kihesabu cha tarehe cha mfumo kilikuwa kinafika mwisho duniani kote. Mimi sikupima mita. Nilichukua chipu ndogo ya bei nafuu inayotumia AES, kiwango cha usimbaji fiche kilichopitishwa Marekani mwaka 2001 kutokana na kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ufunguo wa biti 128 hakuna kompyuta inayoweza kuubahatisha. Lakini chipu inakula umeme inapofanya kazi, na ulaji huo unabadilika kufuatana na namba inazozishika. Paul Kocher na wenzake wawili walionyesha mwaka 1999 kwamba ukipima umeme huo mara nyingi unaweza kuuchomoa ufunguo baiti moja, yaani biti nane, baada ya nyingine: makisio 256 kwa kila baiti, baiti 16, jumla makisio 4,096. Dawa mojawapo ni kuifunika kila namba kwa namba ya kubahatisha, umeme usifuate siri.

Nilipima chumbani kwangu Gungu kwa osiloskopu ya mtumba, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme, usiku wa manane, maana mchana mashine ya kusaga ya jirani ilichafua vipimo. Vipimo elfu sita. Michoro yote nimechora mwenyewe.

Safari hii niliisoma fomu kabla ya kutuma makala. Nikachagua jarida linaloniachia haki zangu na kuitoa makala kwa leseni ya Creative Commons, ile inayomruhusu yeyote kunakili na kutafsiri mradi ataje jina. Mengi ya majarida hayo hutoza ada, na mengi huwasamehe waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe mapema, unapotuma. Kama jarida unalolitaka linachukua haki zote, tazama kama linakuruhusu kuweka toleo lako lililokubaliwa kwenye tovuti yako. Mengi yanaruhusu, na wengi wetu hatuitumii nafasi hiyo. Usione haya kumwandikia mhariri na kuomba kubaki na haki ya kutafsiri. Soma fomu. Ukiwa na haraka, soma. Wakikupa saa 48, omba wiki, kisha soma. Sisi tunaotaka elimu yetu irudi ziwani hatuwezi kuigawa kwa saini ya dakika moja halafu tukalalamika kwamba utafiti wa Afrika unafungiwa kwenye makabati ya watu.

Kijitabu kilitoka hatimaye. Sikutafsiri makala. Nilirudi kwenye daftari langu la vipimo, maana namba za joto na saa hazina mwenye hakimiliki, nikaandika upya kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, na mpwa wangu akachora dagaa wa jalada. Nilipokipeleka Katonga, mama yule aliyevunja dagaa wangu aliuliza kama anaweza kumtolea kopi dada yake aliyeko Kirando. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, nikamsomea: ruhusa kunakili, kugawa na kutafsiri. Akakikunja, akakitia ndani ya kitenge, akauliza steshenari inafungwa saa ngapi.