Mwanzi wa Kahuzi ni ndugu wa muhindi

Ndugu, unasema mwanzi wa mlima Kahuzi, karibu na Bukavu, ni mti kwa sababu ni mrefu. Hapana, si mti, ni nyasi, hata kama gorila anapotea ndani yake. Wataalamu wa mimea wanauweka katika jamii ya nyasi, iitwayo Poaceae, pamoja na muhindi, mpunga na muwa, maana wanapanga kwa undugu, wakitazama maua na mbegu, si urefu. Shika jani la mwanzi na la muhindi: mishipa yote inakwenda sambamba, na chini yake jani limelikumbatia bua. Likate bua la mwanzi lenyewe: vifundo, uwazi ndani, hakuna gome. Nafundisha biolojia hapa Bukavu, na wanafunzi wakishika majani yenyewe wanakubali mara moja. Ila "mti" ni umbo tu, si jamii. Mvokado na mkaratusi ni miti yote miwili, lakini undugu wao ni wa mbali sana.