Jibu: Je, rubani mpya lazima awe na saa 1,500 za kuruka?

Ndugu, umeuliza kama binti yako, aliyepata leseni ya urubani wa biashara pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akiwa na saa zipatazo 200, anaweza kuajiriwa na shirika la ndege au ni lazima kwanza afikishe 1,500.

Saa 1,500 ni sharti la Marekani, linalomhusu hata rubani msaidizi, ingawa wanajeshi na wahitimu wa shahada za urubani hupunguziwa. Lilitokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Lakini marubani wote wawili walikuwa wameshapita saa hizo. Ndege ilipoonya kwamba mwendo umepungua mno, nahodha aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele ili pua ishuke na mwendo urudi, na kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kwamba ubora wa mafunzo una uzito kuliko hesabu ya saa.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo Kenya nayo huvifuata, 1,500 ni za leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa. Binti yako anaweza kuwa rubani msaidizi akishafunzwa aina ya ndege husika, ila kila kampuni huweka kiwango chake, mara nyingi cha juu zaidi. Akamilishe kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege pale asipoweza kuona nje, kisha aombe kazi kwenye ndege ndogo ziendazo mbuga ya Maasai Mara, ambako kutua kwenye viwanja vya murram huku upepo ukivuma kutoka ubavuni kutamkomaza.