Kasema "hakuna shida", mzigo umefika Idi imepita

SWALI: Habari za kazi, mimi nauza viatu vya watoto Kariakoo. Januari katikati nilituma oda Guangzhou, China, nikalipa advansi asilimia 30, nikamuuliza muuzaji zaidi ya mara tatu kama mzigo utawahi Idi, kila nikiuliza ananijibu hakuna shida, hakuna shida. Nimeutoa bandarini Idi imeshapita wiki tatu! Huyu ni tapeli au mimi ndo sijui biashara?
Mama Viatu, Dar

JIBU: Pole sana mama. Utapeli siuoni, maana mzigo umekuja na viatu ni vilevile ulivyoagiza. Kilichokuponza ni kalenda, na hilo neno "hakuna shida".

Mwaka mpya wa Kichina 2026 uliangukia Februari 17, na ile sio sikukuu ya siku mbili tatu, wafanyakazi wengi wa viwanda vya kule wametoka mikoa ya mbali kwa hiyo wanaanza kuondoka mapema, kiwanda kinafungwa wiki mbili, vingine mpaka mwezi, na wengine hawarudi kabisa, washapata kazi kwingine. Oda yako ya Januari ilikuta foleni ya waliowahi. Weka na meli, karibu mwezi baharini. Idi ilikuwa Machi, ungewahi vipi?

Sasa hilo neno, wenyewe wanasema mei wenti. Kumwambia mteja "haiwezekani" kavukavu kwao ni kumvunjia heshima na ni aibu kwa muuzaji pia, kwa hiyo mara nyingi maana yake ni nimekusikia, nitajitahidi. Na sisi tunalo mama, fundi cherehani akikwambia njoo kesho si unajua? Ila fundi wa mtaani tumemzoea, tunamsoma hadi sauti, huyu unamsoma kwenye WeChat, ile app ya meseji ya Wachina, tena kwa tafsiri ya simu.

Usimuulize swali la ndiyo au hapana. Muulize kiwanda kinafungwa tarehe ngapi, mzigo unaingia mashineni lini, atume picha. Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata. Na umtajie tarehe ya Idi, inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, yeye atajuaje? 2027 mwaka mpya wao ni Februari 6 na Idi itakuwa karibu Machi 10, kwa hiyo oda iwe kiwandani Novemba. Ukiwa na hasira mpigie pembeni, usimseme kwenye grupu mbele ya wateja wake, ukimwaibisha hapo umempoteza.

Viatu ulivyonavyo usiviuze kwa hasara, Idi ya kuchinja ni mwishoni mwa Mei, vipange mbele dukani.