Kuvalisha mtutu wa geji 20 kwenye Topper ya zamani ya geji 16

Mkuu, umeuliza kama hiyo Topper yako, shotgani ya risasi moja ya geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, namba ikipungua tundu linakuwa pana zaidi), inaweza kuvalishwa mtutu wa geji 20 uliouona ukiuzwa mtandaoni, maana huko Ohio risasi za 16 zinakusumbua kupatikana madukani. Inawezekana. Mimi mwenyewe nina fremu moja (kiwiliwili cha bunduki kinachobeba mtutu) ya Harrington & Richardson, watengenezaji wa Topper, yenye mitutu miwili, 12 na 20, na zote nawindia. Ila mtutu ambao haujavalishwa kwenye fremu yako ukapimwa ni mbuzi kwenye gunia, hata kama muuzaji ameandika "Topper" kwa herufi kubwa.

Walionitangulia kukujibu wamebishana sana kuhusu geji, na geji siyo penyewe. Penyewe ni namna mtutu unavyokaa: ndoano yake kwenye pini ya bawaba, jino la chini kwenye komeo, na tako lake, yaani mwisho wake wa nyuma, kwenye ukuta wa fremu. Sehemu hizo zilisawazishwa kwa mkono, bunduki moja moja. Kiwanda chenyewe kilipokuwa kikiuza mitutu ya ziada kilitaka uwatumie fremu yako Massachusetts, wakuvalishie wakiwa nayo mkononi. Wangekuwa na mitutu ya kuchomeka tu wangeituma kwa posta yakaisha. Kampuni ya kwanza ilifungwa 1986, iliyorithi jina ikaendelea, na uzalishaji wa bunduki hizi ukasimama 2015, kwa hiyo siku hizi kazi hiyo ni ya fundi bunduki.

Kabla ya kumlipa fundi, angalia mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha vua mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu. Hapa wengi hupitiwa: mbao ile inaubana mtutu na inaweza kuficha ulegevu. Funga bunduki bila hiyo mbao, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise juu-chini na kushoto-kulia. Ukisikia "tak tak", hata kidogo, mtutu huo haujakaa. Kisha inua kwenye mwanga wa dirisha utazame kati ya tako la mtutu na ukuta wa fremu. Chukua fila geji, zile zenye majani membamba ya chuma mafundi magari wanazopimia valvu, uone ni jani lipi linapita. Kwangu hata la milimita 0.1 likipita kwa urahisi, mtutu unaenda kwa fundi.

Ukiwa mgumu kufunga, hiyo ni afadhali, kwa sababu chuma kilichozidi kinaweza kupunguzwa. Fundi wangu hupaka moshi wa mshumaa, anafunga, anafungua, halafu anasugua pale tu moshi ulipofutika. Anasugua kwenye mtutu, fremu haiguswi kabisa, maana ukiharibu fremu umeharibu na mtutu wako wa 16 ambao ulikuwa mzima. Ukiwa mlegevu, usikubali mtu akuwekee kipande cha bati kwenye bawaba. Bati hukaa siku chache likapondeka.

Risasi ya kwanza usipige begani. Funga bunduki kwenye tairi, vuta kifyatulio kwa kamba ndefu ukiwa pembeni nyuma ya kizuizi. Kisha toa ganda ulitazame. Alama ya pini ya kufyatulia iwe katikati ya kiberiti, kile kiduara kilicho katikati ya tako la ganda. Pitisha ukucha juu ya kiberiti: kikiwa sawa na shaba, vizuri, ukucha ukikwama kwa sababu kimechomoza, kuna nafasi nyuma ya risasi na bunduki hiyo inarudi kwa fundi siku hiyohiyo.

Kisheria, kwa sheria ya shirikisho hapa Marekani silaha ni fremu, mtutu hauhesabiwi kuwa bunduki, ila usikubali mtutu wa shotgani uliokatwa chini ya inchi 18. Angalia na sheria za jimbo lako.

Kuna jambo linaloniogopesha kuliko yote, hasa kwa wanaotaka 12 na 20 kama mimi. Risasi ya 20 ikiingia chemba ya 12 (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) huteleza mbele, inakwama shingoni pale tundu linapoanza kuwa jembamba, na ukitazama unaona chemba tupu. Ukitia ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasuka karibu na vidole vyako. Ndiyo maana za 20 hutengenezwa za manjano. Siku ninayotoka na mtutu wa 12, hakuna ganda la manjano mfukoni, kwenye koti wala kwenye gari.

Na kama mtutu wako wa 16 ni mzima, mimi ningeagiza risasi zake kwa katoni mtandaoni na kuacha habari ya kubadilisha. Bado zinatengenezwa, na geji 16 kwa sungura na kindi ni tamu kweli. Ukiamua kuendelea na 20, muombe muuzaji picha ya chini ya mtutu, penye ndoano na jino, uiweke hapa pamoja na ya wako tuzilinganishe kabla hujatoa hela.