Rufaa hukatwa bila kisu: kuandika "lodge a complaint" sawasawa

Barua ya Kiingereza inayochapwa steshenari hapa Tanga mara nyingi huharibikia mstari wa kwanza: "I want to lodge complain to your office." Maneno manane, makosa matatu.

Kwa Kiswahili rufaa hukatwa, pingamizi huwekwa, malalamiko huwasilishwa, na hakuna anayeuliza kisu kiko wapi. Maneno yamezoea kuandamana, basi. Kiingereza nacho kina mazoea yake: complaint (malalamiko), appeal (rufaa), objection (pingamizi) na claim (madai), yote manne hukubali lodge. Wamarekani hupendelea file. Uingereza na mahakama zetu huipenda lodge. Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinataka notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30, na kitenzi kilichotumika humo ni hichohicho.

Sasa makosa. Complain ni kitenzi; jina ni complaint, yenye t mwishoni, ambayo masikio yetu huimeza. Kisha kile kineno a: "malalamiko" kwetu husemwa zaidi kwa wingi, ndiyo maana watu huandika complaints hata kwa jambo moja, au huiacha a kabisa. Barua moja, jambo moja: a complaint.

Panaposumbua zaidi ni "kwa". Sisi tunapeleka malalamiko kwa ofisi, tunamlalamikia mtu, kwa sababu fulani. Kiingereza hugawa kazi hizo. Ofisi inayopokea huchukua with, anayelalamikiwa against, jambo lenyewe about. Abiria aliyetozwa nauli ya ziada stendi ya Kange, akipeleka shauri LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ataandika: "I have lodged a complaint with LATRA against the bus operator about an excess fare." Ukiweka against mbele ya LATRA, umewashitaki wasuluhishi.

Kwa nini with na si to? Lodge hapa ni kuweka kitu mahali kikae, kama amana. Ndilo neno lilelile la vibao vya nyumba za wageni pale Ngamiani: mgeni hulala, na barua yako nayo inalala kwenye faili la ofisi. (Isilale mno, lakini hilo si suala la sarufi.)

Tarehe ikijulikana, tumia wakati uliopita: "The complaint was lodged on 3 March." Have lodged haikai na tarehe.

Wala usiipeleke lodge kila mahali. Chapati ikija baridi, sema complain tu. Ukimwambia mama ntilie una-lodge, atadhani umekuja na hakimu.