Maswali ya Wasomaji: Wakala wa Tiketi Anachagua Zana Isiyo Yake

SWALI: Nimeunda wakala wa akili unde wa kuhudumia abiria wa mabasi. Ana zana tatu, yaani kazi za msimbo anazoweza kuziita: *tafuta*, *kata* na *taarifa*. Abiria akiuliza nauli ya Mbeya tu, wakala anakata tiketi. Akitajiwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, analeta la saa sita mchana. Nimebadilisha modeli ya lugha inayomwendesha, tatizo liko palepale. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Rudisha modeli yako ya mwanzo, kasoro iko kwenye maelezo ya zana. Modeli haioni msimbo wako. Inaona jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa ambazo zana inadai, kama tarehe na kituo), basi. Zana inayoitwa *kata*, yenye maelezo "hushughulikia tiketi", inaweza kuwa chochote.

Jina liwe kitenzi na kinachotendwa: *tafuta_safari*, *kata_tiketi*, *angalia_tiketi*. Kisha maelezo yaseme zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini na inarudisha nini. Kwa mfano:

"Hutafuta safari zenye nafasi kati ya vituo viwili kwa tarehe moja. Itumike abiria anapouliza nauli, muda au nafasi. Haikati tiketi wala haishiki kiti. Hurudisha safari zisizozidi 10, kila moja na namba_ya_safari, muda wa kuondoka na nauli kwa shilingi."

Na ya pili: "Hukata tiketi na kutuma ombi la malipo kwenye simu ya abiria. Itumike baada tu ya abiria kutajiwa safari, kiti na nauli, naye akakubali. namba_ya_safari itoke kwenye majibu ya tafuta_safari, isibuniwe." Hata hivyo maelezo si kufuli. Penye pesa, msimbo wenyewe udai uthibitisho wa abiria kabla ya kuendelea.

Sasa saa, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi kwetu. Modeli ikisoma "kumi na mbili" huandika 12:00. Kwenye maelezo ya kigezo cha *muda* andika: "Saa 24, kwa mfano 06:00, saa za Afrika Mashariki. Abiria husema saa za Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, aulizwe." Ongeza na usiku wa manane: "saa nane usiku Ijumaa" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa mwingine wa kuamkia Jumamosi. Hapo wakala asikisie.

Tarehe iandikwe 2026-05-04, kwa kuwa 4/5 husomeka kwa namna mbili. Tena modeli haijui leo ni lini, kwa hiyo tarehe ya leo iwekwe kwenye maagizo ya mfumo (yale ambayo modeli husoma kabla ya maneno ya abiria), la sivyo "kesho" itakuwa bahati nasibu. Vituo vipe orodha iliyofungwa, ukitaja na majina ya mtaani: Mbezi na Magufuli, kule Dar es Salaam, ni stendi moja.

Mwisho andika sentensi kama ishirini jinsi abiria wanavyosema, zikiwemo zisizohitaji zana yoyote ("asante", "mizigo inalipiwa?"), uangalie kwenye kumbukumbu za mfumo ni zana ipi iliitwa.

SWALI: Maelezo niyaandike kwa Kiswahili au Kiingereza? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Modeli kubwa zinaelewa zote mbili. Ila modeli hukata maandishi vipande vidogo (tokeni), na malipo huhesabiwa kwa vipande hivyo. Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi, na maelezo hutumwa kwa kila ombi, hivyo gharama hupanda kidogo. Pima zote kwa maswali yaleyale. Kibaya zaidi ni kuita kitu kimoja "safari" hapa, "trip" pale.

SWALI: Zana ikirudisha "Kosa 400" (yaani ombi lina kasoro), wakala anarudia ombi lilelile. — Msomaji, Kigoma

JIBU: Ujumbe wa kosa nao husomwa na modeli. Useme cha kurekebisha: "tarehe '12/5' haikubaliki, andika kama 2026-05-12." Pia tenganisha "hakuna safari siku hiyo" na "mfumo haupatikani". Ukirudisha orodha tupu kwa yote mawili, abiria ataambiwa hakuna basi, kumbe hifadhidata imelala. Na *kata_tiketi* ikikaa kimya bila jibu, maelezo yake yaagize kuita *angalia_tiketi* kwanza kabla ya kujaribu tena, vinginevyo abiria ataombwa malipo mara mbili kwa kiti kimoja.