Mtoto haruhusiwi ngano, lanchi boksi inarudi imejaa: jibu langu

Dada uliyeuliza, pole sana. Umesema mwanao wa darasa la pili ana siliaki, yaani ugonjwa ambao ngano humuumiza mtu utumbo, daktari kapiga marufuku ngano, na sasa wali unarudi nyumbani kama ulivyokwenda kwa sababu wenzake wanakula maandazi na soseji. Binti yangu ana hali hiyohiyo, na hapa Dar tumeshaizoea.

Achana kwanza na ile mikate maalumu ya supamaketi. Ni ghali, na hadi mapumziko ya saa nne imeshakuwa makombo. Sisi watu wa pwani tuna vitafunwa tele ambavyo kwa asili yake havina ngano: vitumbua, mkate wa kumimina, bhajia za dengu, kachori za viazi zilizochovywa kwenye unga wa dengu. Mtoto akitoa kitumbua darasani hakuna atakayemuuliza anaumwa nini. Watamwomba awamegee.

Ila upike mwenyewe. Wauzaji wengine huongeza ngano kidogo ili vitumbua vishikane, na mafuta ni yaleyale yaliyokaangia maandazi. Mimi naloweka mchele asubuhi, jioni nausaga kwenye blenda na tui zito, hamira na iliki. Sukari naitia ukishaumuka, maana ukiitia mapema uji unakuwa mwepesi. Nachoma vidogovidogo, vinaingia friza, na usiku natoa vya kesho. Kikaangio na mwiko wa vitumbua havigusi chapati za baba yake, na kwenye hilo sina mzaha.

Mitego mingine: unga wa lishe mara nyingi una ngano ndani yake, na hata ulezi mtupu ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano si salama tena. Soseji nyingi hutiwa ngano kama kijazio. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Mvuje wa unga unaotiwa kwenye bhajia nao huchanganywa na ngano, soma lebo. Shayiri na rai zimo kwenye katazo hilohilo.

Sasa mvuto. Tafuta kopo la vyumba vyumba, mfano wa bento za Wajapani, Kariakoo yamejaa. Uzuri wake ni kwamba embe haliloweshi bhajia. Wali wa nazi naushindilia kwenye kikombe cha kahawa kilichopakwa mafuta, naupindua, unatoka kilima kidogo. Pembeni karoti, tango lililofutwa maji, na vipande vya nyama ya kuchoma kwenye kijiti chenye ncha iliyokatwa. Viazi vitamu vya kuchemsha vinalika hata vikipoa. Mihogo hapana, ikipoa ni migumu. Na usijaze! Vipande vya kuingia mdomoni mara moja, kwa sababu mapumziko ni mafupi na mtoto anataka kukimbilia uwanjani.

Wali upikwe alfajiri, upoe ndipo ufunike. Uliolala nje ya friji usimfungie hata ukiupasha, kuna bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa moto. Chupa ya maji iliyoganda ukiiweka kando ya kopo inasaidia sana kwa joto letu hili.

Kuna mtu aliyekujibu kabla yangu akashauri eti umwache aonje "kidogo tu" ili mwili uzoee. Ndugu yangu, siliaki haizoeleki. Hicho kidogo kinaumiza utumbo hata kama mtoto halalamiki tumbo.

Mwalimu wa darasa nilimweleza ana kwa ana, tukakubaliana binti asibadilishane chakula na wenzake. Na siku ya bethidei ya mtu darasani, nikipata taarifa mapema, napeleka mkate wa kumimina mzima, umekatwa pembetatu, ili binti asikae pembeni na kopo lake wakati wenzake wanagawana keki. Huwa haubaki hata kipande cha mwalimu.